Wapiga Kura wa Paa la Mzee Kabuche

Nchi ninayoisimulia haiko kwenye ramani, na kama wewe unaiona kwenye ramani yako, nakushauri uikunje uiweke chini ya godoro. Nimepita nchi nyingi kwa miguu, nyingine nikifukuzwa, nyingine nikiondoka mwenyewe kabla sijafukuzwa, lakini sijaona watu wanaowaheshimu ndege kama watu wa nchi ile. Nasema hivi kwa nia njema. Yote nitakayosema humu nayasema kwa nia njema.

Heshima hiyo ilianza siku Mkuu wao alipoapishwa. Mkuu aliyemtangulia alikuwa amezikwa asubuhi hiyo hiyo, angali ana joto, na kwa haraka ile hapakupatikana nafasi ya kuwauliza wananchi wanamtaka nani. Jambo hilo lilimkera Mkuu mpya, maana ni mtu mwenye haya. Basi akiwa amesimama ukumbini, mkono mmoja kitabu, mkono mwingine bastola, shomoro aliyejenga kiota kwenye kenchi za paa akajisaidia. Kile kitu kikashuka, kikatua begani kwa Mkuu, kikakaa pale kama nishani.

Mkuu akalitazama bega lake. Halafu akamtazama Jaji.

Jaji yule alikuwa na watoto saba na alitaka kuwaona tena jioni. Akasimama, akarekebisha joho, akasema, "Waheshimiwa, hiyo ni kura."

Ikawa kura. Gazeti la serikali la jioni liliandika kwamba Mkuu ameshinda kwa asilimia mia moja ya kura zote zilizodondoka. Kabla mwezi haujaisha ikatungwa sheria: ndege wa mwituni waliojenga kwenye mapaa ya nyumba ndio wapiga kura wa taifa, nyumba ni masanduku ya kura, na watu wanaoishi chini ya mapaa hayo ni watunza masanduku. Usidhani watu walinung'unika. Walionung'unika walipelekwa mahali pasipo na paa, na habari zao sikuzipata.

*

Kwa kuwa kura ni siri, ilikatazwa mtu yeyote kuinua uso akatazama kiota. Na kwa kuwa huwezi kujua kiota kiko wapi mpaka utazame, watu waliona usalama ni kutotazama juu kabisa. Nilipoingia mji mkuu niliona umati mzima unatembea umeinamisha shingo, nikadhani kuna msiba. Wanajuana kwa miguu. Mtu anakwambia, "Huyu si ndugu yake yule mwenye kidole kilichopinda?" na kweli ni ndugu yake.

Sasa utauliza, ndege wanahesabiwaje kama hawatazamwi? Swali zuri, na mimi niliuliza, nikakanywa. Wizara ya Mapaa ina wakaguzi. Kila Alhamisi mkaguzi huja nyumbani na kitambaa cheupe. Hukitandika sakafuni chini ya kiota, huketi kando yake akiwa ameinama, hunywa chai anayopikiwa na mwenye nyumba, na kikombe kikiisha hukiinua kitambaa na kusoma kilichodondoka. Matone matatu, ndege mmoja. Hapo hapo anaandika daftarini kwa penseli ya kulamba. Nilimwona mkaguzi mmoja akilitazama tone kwa muda mrefu, kisha akasema kwa huzuni, "Huyu ana mawazo."

Mkaguzi wa mtaa niliofikia aliitwa Bwana Ligunda, mtu mnene mwenye adabu, ambaye hakuna unyayo mtaani asioujua. Mtaa wenyewe ulikuwa wa wafanyakazi waliozeeka: mafundi, mahamali, wapishi wa shule. Mimi nilipewa kibanda cha kuni uani kwa Mzee Kabuche na mkewe, Bi Stamili, kwa sharti kwamba nichote maji na nisiulize maswali. Maji niliyachota.

Mzee Kabuche alikuwa fundi wa kuezeka. Miaka arobaini juu ya mapaa ya watu, na vumbi la mabati na la mbao lote likaingia kifuani. Nilipomkuta, kifua kilikuwa kinalia kama mlango. Alikuwa mrefu, mkavu, mifupa imejipanga vizuri chini ya ngozi, na ulimi haukuwa na ugonjwa wowote. Bi Stamili alikuwa na shughuli moja tu duniani mwaka ule: mume wake asife. Masika ilikuwa imekaa, baridi inaingia mpaka kwenye sufuria, na daktari mmoja wa zamani, kabla hajapelekwa pasipo na paa, alikuwa amewaambia kwamba huyu akilala pakavu, akinywa cha moto, akipata sindano, ataishi. Akikosa mojawapo, watafute sanda.

Pakavu palikuwepo. Cha moto kilikuwepo. Sindano walikuwa wanaisubiri.

Ndipo shomoro wawili walipoingia.

*

Waliingia pale bati linapokutana na ukuta, wakabeba nyasi, wakabeba manyoya ya kuku, wakabeba nyuzi za kanga ya Bi Stamili iliyoanikwa, na kwa siku nne wakawa wamejenga juu ya kenchi, sawasawa na kitanda cha mgonjwa.

"Nafasi hiyo niliiacha mwenyewe," Mzee Kabuche akasema, macho yake yakiwa kwenye blanketi kama sheria inavyotaka. "Misumari iliniishia. Nikasema nitarudi."

"Ungerudi," akasema Bi Stamili.

"Nilikuwa naezeka za watu, mama."

Alhamisi Bwana Ligunda akapiga hodi. Akatandika kitambaa, akapewa chai. Kabla hajafika nusu ya kikombe, Mzee Kabuche akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida yake, kinachoanzia magotini.

Bwana Ligunda akaweka kikombe chini. "Nani huyo anayefanya kampeni?"

"Si kampeni, Bwana Mkaguzi, ni kifua," akasema Bi Stamili.

"Mama, mpiga kura yuko kiotani, anatafakari. Mtu anapiga kelele chini yake. Kwa lugha ya sheria hiyo inaitwa nini?"

"Kikohozi."

"Ushawishi. Na ushawishi haufanyiki ndani ya hatua mia mbili za kituo." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa upole, "Moshi pia ni ushawishi. Hata nyundo. Mimi siwafukuzi, jamani, nyumba ni yenu. Akohoe tu nje ya hatua mia mbili, akimaliza arudi."

"Hamalizi," akasema Bi Stamili.

"Basi asirudi."

Akazipima hatua mwenyewe, kwa miguu yake mifupi, na hapo naomba nimshukuru, maana angepima mtu mrefu tungefika mtoni. Ziliishia kwenye jalala la mtaa. Tukambeba Mzee Kabuche na kitanda chake, tukamweka kando ya taka, tukamfunika karatasi ya nailoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Akatazama huku na huku, kisha akasema, "Mteremko wa hapa si mbaya. Maji hayatuami."

*

Zahanati ya mtaa ilikuwa na kibao kikubwa: WAPIGA KURA KWANZA. Bi Stamili alikaa kwenye benchi siku tatu. Ndani, Daktari Mbonea, kijana mwenye mikono mizuri, alikuwa akiunga bawa la shomoro kwa kijiti cha kiberiti, na nje walikaa watu wenye madonda, wenye homa, na mwanamke mmoja ambaye siku ya pili hakuwa akisubiri tena ila hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwondoa.

Siku ya tatu mhudumu akaviona viatu vya Bi Stamili, vile vile vya juzi, akamhurumia.

"Mama, mgonjwa wako ana paa?"

"Analo. Amekatazwa kulala chini yake."

"Basi hana. Sisi hapa tunaandika walio juu. Wa chini tutawafikia wa juu wakiisha."

"Na wa juu wataisha lini?"

Mhudumu akashtuka, akatazama mlango. "Usiseme hivyo. Wewe si mtu mbaya."

Bi Stamili akarudi jalalani na uji chini ya kanga. Mzee Kabuche alikunywa vijiko viwili, cha tatu kikatoka na damu. Siku hiyo ndiyo nilimsikia mama yule akitukana kwa mara ya kwanza, na alitukana kwa ustadi, akianzia kwa shomoro akapanda mpaka kwa Mkuu.

Sijui kama matusi yanasikika darini. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa, na Jumanne asubuhi Bi Stamili aliingia chumbani akamkuta nyoka anashuka ukutani polepole, kanenepa sehemu nne. Alimpiga mchi wa kinu hadi akawa kamba. Makinda manne yote yalikuwa ndani. Wazazi walikuwa wameruka zao, na juu kulikuwa kimya.

Mtunza sanduku aliyepoteza kura adhabu yake ilijulikana mtaani: anatundikwa kwenye kenchi ya nyumba yake mwenyewe, ili asisumbuliwe na safari. Na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Bi Stamili alikaa kwenye kitako cha kinu, nyoka miguuni, akafikiri kwa muda wa kuchemsha maharage. Kisha akaja jalalani, akasimama mbele ya kitanda.

"Mume wangu, unaweza kupanda?"

"Wapi?"

"Juu. Ulikokuwa ukishinda maisha yako yote."

Mzee Kabuche akamtazama usoni, jambo ambalo watu wa kule hulifanya mara chache. "Stamili. Unataka nikaatamie?"

"Nataka ukaatamiwe. Kiota kinatakiwa kiwe na kitu. Wewe unatakiwa ulale pakavu. Hakuna ruhusa ya mtu kutazama. Kuna ugumu gani?"

"Nimeezeka nyumba mia tatu," akasema mzee, akianza kucheka na kukohoa kwa pamoja. "Sikujua kwamba nitakuja kutagwa."

*

Usiku tukamrudisha ndani, nikashika ngazi. Tulipasua godoro la sufi, tukachanganya na nyasi, na nyuzi, na manyoya ya kuku wote wa jirani, tukalisuka juu ya kenchi tatu. Mzee mwenyewe alikuwa akituelekeza kutoka chini: boriti ile imara, ile imeliwa na mchwa, pale weka mguu. Akapanda, akalala, akajikunja, magoti kidevuni. Alitosha.

Alhamisi Bwana Ligunda akatandika kitambaa. Bi Stamili akampa chai akarudi nyuma, mikono chini ya kanga. Juu kukawa kimya kwanza, halafu kikaja kile kikohozi, mabati yakatetemeka.

Bwana Ligunda akaacha kunywa.

"Sauti imekuwa nzito."

"Wamekua, Bwana Mkaguzi."

"Kwa wiki moja?"

"Wanakula."

Tone la uji likadondoka kitambaani, likafuatiwa na jingine. Bwana Ligunda akainama akaligusa kwa kidole, akalionja. Uso wake ukabadilika. Nilidhani tumekwisha.

"Lina damu," akasema. "Mpiga kura anaumwa! Mama Stamili, mpiga kura anaumwa kifua, na wewe umekaa unanipikia chai?"

Alitoka mbio mvuani bila kufunga viatu. Chai yake ilikuwa bado ina mvuke pale Daktari Mbonea alipofika kwa baiskeli, mkoba mgongoni, amelowa mpaka mifupa. Na Bi Stamili alikuwa amekaa siku tatu kwenye benchi lake. Nawaomba msiilaumu zahanati ile. Ilikuwa na watu wepesi sana, ilimradi uwe umeumwa mahali panapostahili.

Daktari akafungwa kitambaa machoni, kama sheria inavyotaka, akapanda ngazi kwa kupapasa. Mimi niliishika ngazi, kwa hiyo nilisikia. Mkono wake ulitembea kwenye nyasi, ukafika mguuni. Ukasimama hapo. Ukapanda polepole hadi gotini.

"Daktari," sauti ikasema juu, "mikono yako ina baridi."

"Ndege hawasemi," daktari akanong'ona.

"Basi nimelia."

Mvua ilikuwa ikipiga bati karibu na kichwa cha daktari. Angeweza kushuka na kusema alichokigusa. Badala yake alisema kwa sauti, ili chini pasikike, "Ni mapafu. Bwana Mkaguzi, andika dozi."

"Ya ndege mmoja?"

"Dozi ya ndege mmoja haitoshi kuwasha kiberiti. Huandikwa kwa uzito. Shomoro ana gramu thelathini. Humu mimi nahisi kilo arobaini na mbili."

Nikasikia penseli inalambwa. Bwana Ligunda aligawanya kwa sauti, akakosea, akarudia.

"Elfu moja na mia nne," akasema mwishowe, na sauti yake ikapasuka kwa furaha. "Wapiga kura elfu moja na mia nne! Chini ya paa moja!"

"Andika hivyo hivyo," akasema daktari, na akapiga sindano.

*

Wiki sita zile zilikuwa nzuri. Sindano ilikuja kila siku asubuhi. Mtama wa wapiga kura elfu moja na mia nne ulikuja kwa mkokoteni, na mtaa mzima ukanenepa. Mahamali waliozeeka walikula ugali wa mtama na kusema shomoro ni viumbe wa baraka. Mzee Kabuche aliacha kutema damu, akaacha kukohoa, akaanza kulalamika, ambayo ndiyo dalili ya uzima. Alilalamikia misumari aliyoigonga mwenyewe miaka ishirini nyuma. Aliomba ashuke anyooshe mgongo, na Bi Stamili akamwambia, "Ndege gani ana mgongo? Tulia." Usiku ukipita, asubuhi anaimba.

Nilimwona Bi Stamili akicheka peke yake anapopepeta. Alikuwa amekishinda kifo kwa daftari.

Bahati mbaya daftari lilisomwa. Bwana Ligunda alipandishwa cheo mara mbili, na Wizara ikataka kujua paa gani hilo lenye wapiga kura wengi kuliko mkoa. Habari ikamfikia Mkuu. Muda wake wa kuongezewa muda ulikuwa umefika. Kisha akaja tarishi na barua, akaisoma uani akiwa ameviinamia vidole vyetu.

"Kwa Mtunza Sanduku Stamili. Kinda akiwa kiotani ni mtoto, na mtoto hapigi kura. Kinda huhesabika mtu mzima siku anaporuka. Kwa desturi ya shomoro, siku hizo ni kumi na tano. Wapiga kura wako wametimiza siku arobaini na mbili. Wizara inashangaa, na Wizara inafurahi. Jumamosi, mbele ya Mtukufu Mkuu, wataruka wote kwa pamoja. Na kwa kuwa paa lako ni fupi kwa shughuli ya kitaifa, kiota kitahamishiwa juu ya Ukumbi wa Halmashauri, ghorofa ya nne. Kinda asiyeruka ni kura iliyoharibika. Kura iliyoharibika huchomwa moto, pamoja na sanduku, pamoja na mtunzaji. Hongera."

Bi Stamili alikwenda kwa Bwana Ligunda. Alimkuta anajaribu kofia mpya.

"Bwana Ligunda, wewe unajua nini kipo mle."

"Mimi?" akasema, akivitazama viatu vyake. "Mama, miaka kumi na moja katika kazi hii sijawahi kukitazama kiota hata kimoja. Hilo ndilo jambo ninalojivunia."

Akaenda kwa Daktari Mbonea. Yeye alilia, maana ni kijana. "Nilikuwa naokoa mtu, mama."

"Basi mwokoe tena. Sema ni mtu."

"Nikisema ni mtu, nimempa mtu dawa ya wapiga kura. Na wewe umemweka mtu sandukuni. Tutatundikwa watatu badala ya mmoja."

Tukajaribu kukamata shomoro. Siku tatu mimi na mama yule, na chandarua na mtama. Tulipata kumi na mmoja, wakapungua elfu moja na mia tatu na themanini na tisa. Jirani akatoa jogoo wake arushwe badala yao, lakini karani wa Wizara akatujulisha kwamba kuku ni ndege wa kufugwa, hana uraia.

Ijumaa mchana Mzee Kabuche aliomba ashushwe chini kidogo. Alikaa kitandani mwake, akala wali na samaki, akachokonoa meno.

"Ghorofa ya nne ile niliiezeka mimi," akasema. "Mteremko wake mbaya. Niliwaambia wakati ule, hawakusikia."

"Tutakimbia," akasema Bi Stamili. "Leo."

"Kwa miguu gani? Wewe magoti, mimi kifua kipya sijakifanyia mazoezi. Na nisipokuwemo, watachoma hapa na wewe ndani." Akamshika mkono. "Mimi maisha yangu yote nilikuwa napanda nikijua naweza kuanguka. Ni kazi tu, mama Stamili. Nipake mafuta magotini."

Akampaka mpaka mafuta yakaisha.

*

Jumamosi askari wanane walikuja wamefumba macho, wakakifunika kiota bendera, wakakibeba.

"Wazito hawa wapiga kura," akasema mmoja kwenye ngazi ya pili.

"Inueni upande wa kichwa," sauti ikasema ndani. "Kona hiyo ina kizingiti."

"Asante," akasema askari, na hakuuliza zaidi, maana alikuwa askari mzuri.

Uwanja ulijaa. Watu labda elfu kumi, wote wameinama, unaona visogo tu kama shamba la nazi zilizovunwa. Katikati kilitandikwa kitambaa cheupe ukubwa wa kiwanja cha mpira. Mkuu akapanda jukwaani. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuinua uso, kwa niaba ya wengine.

"Wananchi watiifu," akasema, "wako viongozi wanaochaguliwa na watu. Watu wana njaa, wana hasira, wana ndugu. Mimi nimechaguliwa na wasio na ndugu serikalini! Wasiohongeka! Leo elfu moja na mia nne wanaruka kwa hiari yao, kwa uhuru wao, na atakayesema wamelazimishwa ajitokeze atazame juu aone!"

Hakuna aliyejitokeza.

Mimi ni mgeni, shingo yangu haijazoea. Niliiba nikatazama. Bendera ilivutwa, na pale ukingoni mwa bati alisimama Mzee Kabuche, nyasi kichwani, manyoya ya kuku yamegandia mafuta magotini, suruali yake ya ndani nyeupe. Alikuwa akiupima mteremko kwa mguu, kama fundi. Mkuu alimwona. Naapa alimwona, walitazamana, kwa muda ambao ungetosha kusema "acheni."

"Nawaona!" Mkuu akapaza sauti. "Nimewahesabu! Hakuna hata mmoja pungufu!"

Makofi. Watu elfu kumi walipiga makofi wakitazama vidole vyao. Bi Stamili peke yake hakupiga. Alikuwa ameziba masikio.

Mzee Kabuche akaruka. Kama kuruka ni kuondoka mahali ukiwa huna cha kushika, basi aliruka vizuri, hata mikono aliipiga mara mbili, ili mkewe asichomwe.

Kitambaa kikasikika.

Bwana Ligunda akakimbilia pale, akaviangalia vilivyodondoka, akalamba penseli. "Zimo zote, Mtukufu! Elfu moja na mia nne!" Na ngoma zikaanza.

*

Sasa tatizo ni kwamba alikuwa hai. Nyonga imevunjika, mbavu zimeingia ndani, lakini hai, na akili zake zote. Bi Stamili alipomfikia, Daktari Mbonea alikuwa ameshapiga magoti pale, na mkoba wake haujafunguliwa.

"Mchome sindano," akasema Bi Stamili.

"Siwezi, mama. Ameshatoka kiotani." Daktari akausogeza mkoba nyuma yake. "Chini hapa ni mtu."

"Basi mrudisheni juu! Mrudisheni kiotani mumtibu!"

Bwana Ligunda akasikia, akaja kwa haraka na mkono mdomoni, kama mtu aliyesikia tusi msikitini. "Mama Stamili! Mpiga kura ameshapiga kura yake, umrudishe kiotani aruke tena? Kura mara mbili? Huo ni wizi. Katika nchi hii hatufanyi mambo hayo."

Mzee Kabuche akafumbua macho. "Stamili," akasema, "niliwaambia mteremko mbaya."

Zahanati ilimwandikia namba kwenye benchi. Alifariki saa tisa alasiri, akiwa wa sitini na nane, na mbele yake wakitibiwa shomoro wawili waliozimia kwa kelele za ngoma. Mkuu aliongezewa miaka kumi na minne, mwaka mmoja kwa kila kura mia.

Tulimzika Jumapili. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu, nimesimama uani kuaga, pale Bwana Ligunda alipopiga hodi. Alikuwa na kofia mpya na daftari jipya. Hakukaa.

"Pole sana, Bi Stamili, kwa yaliyotokea, ambayo sikuyaona."

"Nimepoa."

"Kiota kimerudishwa kenchini. Kizuri, hakijaharibika. Msimu wa pili wa kuatamia unaanza Alhamisi, na paa hili limeshaandikwa Wizarani. Idadi ya wapiga kura haijawahi kupungua katika nchi hii hata siku moja."

"Ndege mtawatoa wapi?" akauliza Bi Stamili.

Bwana Ligunda akaitazama miguu ya Bi Stamili, ile miwili, imevimba kwa kusimama kaburini. Akafungua ukurasa safi. Akalamba penseli.

"Wewe, mama," akasema kwa adabu, "una kilo ngapi?"